Matabishi ya Nasiba

Jumatatu, 4 Februari 2002

Nimepata kazi mpya. Ualimu. Sina diploma, sina ubao, na mwanafunzi ni mmoja tu, tena hataki. Lakini kazi ni kazi.

Mambo yamekwenda hivi. Shule ya mjukuu wangu Nasiba iko chini ya lava tangu mlima ulipopasuka mwezi uliopita. Kilichobaki ni kipande cha bati na mlingoti wa bendera. Mama yake, binti yangu Asumini, amesikia kuna shule upande wa Himbi ambayo moto haukuigusa. Wanapokea watoto wa shule zilizoungua, ila kwanza mtoto afanye mtihani wa hesabu. Ni Jumatatu, wiki mbili kutoka leo. Akishindwa, Asumini atampeleka Rutshuru kwa dada yake Alima, asome huko.

Rutshuru! Mtoto niliyemlea tangu mwaka ule wakimbizi walipomiminika hapa! Njia yenyewe imejaa wenye bunduki, kila kilima na waasi wake. Na hapa mtaani Mapendo nitabaki na nani? Na paka?

Asumini akasema jirani yetu Mwalimu Célestin amestaafu, amekaa bure, tumwombe amfundishe. Nikasema hapana. Célestin ni mtu wa Masisi, mpole, hana ubaya na mtu. Lakini mwaka juzi kwenye kilio alinisahihisha Kifaransa mbele ya watu. Nilikuwa natoa pole kwa mjane. Alingoja nimalize, akaisema upya sentensi yangu, vizuri zaidi. Mjane akamshukuru yeye.

Nitamfundisha mwenyewe. Niliendesha lori la kahawa kutoka hapa mpaka Kisangani, wakati Zaire ilikuwa Zaire na barabara ilikuwa barabara. Hesabu ya darasa la tatu itanishinda? Penye wazee haliharibiki neno.

Jumanne, 5 Februari

Limeharibika.

Sikujua kwamba kuanzia darasa la tatu hesabu ni kwa Kifaransa. Mtoto amehesabu kwa Kiswahili tangu aanze shule, kwa raha zake, mara ghafla sabini inaitwa "septante" na tisini inaitwa "nonante". Akauliza themanini ni nini. Nikafikiri kidogo, nikajibu: "huitante". Si ndivyo inavyofuata? Ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya upole: "Quatre-vingts." Célestin, anamwagilia mboga zake za lengalenga.

Nasiba akataka kujua kwa nini themanini ni ishirini mara nne wakati sabini haina taabu hiyo. Nikamwambia Wazungu wana siri zao. Hakuridhika. Nikakasirika. Yeye akakasirika zaidi, akatupa kibao chake cha kuandikia, kikaruka ukuta.

"Babu, ile kalkuli hainipende," akasema, yaani hesabu, akajifunika kitenge cha mama yake mpaka kichwani. Hakutoka humo mpaka chakula kilipoiva.

Jioni kibao kikarudishwa juu ya ukuta, taratibu. Hesabu zote zimesahihishwa kwa mwandiko mzuri. Nimefuta kila kitu kabla mtoto hajaona.

Alhamisi, 7 Februari

Njia imepatikana! Tena imepatikana sokoni, si kwenye vitabu.

Leo asubuhi nilimchukua Nasiba mpaka soko la Kituku kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani. Tulipita juu ya lava, bado ina joto chini, viatu vinanuka mpira. Zamani njia hii ulikuwa unapita kwenye harufu ya mkate. Mkate wa pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, mrefu, wa moto, unaula nusu kabla ya kufika nyumbani halafu unasema ndivyo walivyouza. Mwokaji amekimbilia Bukavu. Nimesimama pale pale nikanusa. Kiberiti tu.

Kituku, mama Angèle alikuwa amepanga sambaza zake kwa mafungu juu ya gunia. Tukanunua fungu, akatupia kidogo juu. Matabishi, kama kawaida: kile anachoongeza muuzaji ili mteja arudi. Nasiba akacheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mlima. Nikajisemea, Yuma, hapo hapo!

Nyumbani nikawa muuzaji, yeye mteja. Nikamhesabia sambaza kavu moja moja, na kila mara nikampa matabishi. Mama yangu aliuza mchele Kindu namna hiyo. Kipimo kikishajaa, anachota kiganja, anakimwaga juu bila kukitazama, huku anaongea na mtu mwingine. Kiganja kile nakiona mpaka leo. Watu walivuka mto kuja kununua kwake.

Tano na saba? nikauliza. Kumi na tatu! akajibu, bila kusita. Nane na sita? Kumi na tano! Mtoto ana akili kama umeme, na siku hizi umeme wenyewe hatuna.

Jumamosi, 9 Februari

Maendeleo makubwa. Nasiba anaamka kabla yangu, anapanga sambaza kwenye mkeka, ananiita. Hajifuniki kitenge tena. Kwa kujumlisha hana mpinzani. Tumeingia kwenye kutoa.

Katikati ya somo ardhi ikatikisika, kama inavyotikisika kila siku, tukatoka uani kungoja ipite. Kurudi, paka amekula somo lote. Nasiba alitaka kulia. Nikamwambia haraka: sasa unaona, hiyo ndiyo kutoa. Akaelewa papo hapo. Célestin na diploma zake zote angeweza?

Nimemwambia Asumini kwamba Rutshuru aisahau. Akanitazama tu. Ana macho ya marehemu mama yake huyu, yanayosema ngoja tuone.

Jumatatu, 11 Februari

Mtu mwenye wivu hachoki.

Célestin aliegemea ukuta asubuhi akitusikiliza. Akasalimia vizuri, akauliza hali ya kifua changu na haya majivu. Kisha akaomba radhi, akasema majibu ya mtoto yote yamezidi moja. Nikamwambia yamezidi kwa sababu mtoto amezidi akili. Akasema hapana, Muzee Yuma, tano na saba ni kumi na mbili.

Nikaingia ndani na kiberiti. Nikapanga njiti tano. Nikapanga saba. Nikahesabu. Nikahesabu tena kuanzia upande mwingine.

Kumi na mbili.

Ya Rabi! Tangu Alhamisi namhesabia mtoto na matabishi ndani! Na yeye ameimeza, anaijumlisha kila mahali. Na mimi niliyekuwa muuzaji sikuona, kwa sababu kwangu fungu bila matabishi si fungu.

Sikukubali mbele ya Célestin. Nilitoka nikamwambia kwamba nilikuwa na mpango wangu, hii ilikuwa hatua ya kwanza tu. Akasema anangoja hatua ya pili kwa hamu. Nadhani hakuwa ananicheka. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumatano, 13 Februari

Hatua ya pili imeleta maafa.

Nilimwambia Nasiba: ukimaliza hesabu, toa moja, ndipo uandike. Rahisi. Akauliza kwa nini. Nikasema Himbi hawatoi matabishi, ni watu wa juu. Akaanza vizuri. Kisha akawa anatoa moja hata pale ambapo hakuiongeza. Kisha akawa anaongeza ili apate ya kutoa. Kisha akasimama, akauliza ile moja anayoitoa inakwenda kwa nani. Nikamwambia aendelee kuandika.

Akavunja chaki. Akasema yeye ni mjinga, kichwa chake kimeungua pamoja na shule. Nilitaka kumkaripia. Nikaona kidevu chake kinatetemeka.

"Babu, nikishindwa, utakuya kuniangalia kule Rutshuru?"

Nikasema hashindwi. Nikasema mengi. Halafu nikatoka nje kwa sababu vumbi lilikuwa limeniingia machoni, na leo hapakuwa na vumbi.

Nikaenda mpaka pale shule yake ilipokuwa. Kila asubuhi nilimpeleka mimi, nimeshika mfuko wake, na pale langoni nilikuwa namtengenezea kola ambayo ilikuwa imekaa sawa tayari. Langoni walikuwa wanauza mandazi. Kengele yao ilikuwa gurudumu la lori, nilisikia sauti yake tu nikajua ni la Mercedes. Nilikaa juu ya lava karibu na bati lile mpaka makalio yakaanza kuiva. Nampenda mtoto huyu. Nataka abaki. Hakuna zaidi ya hapo.

Nimerudi na hatua ya tatu.

Ijumaa, 15 Februari

Hatua ya tatu: heshima kwa wakubwa.

Mkuu wa shule ya Himbi ni mama mmoja anaitwa Perpétue. Nikaona vema nimsalimie kabla ya mtihani, kama ilivyokuwa desturi zamani. Zamani huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Si rushwa. Ni adabu. Nikanunua sambaza mbichi, nzuri, zinang'aa, nikazifunga kwa majani ya ndizi, nikavaa koti langu la Kisangani.

Kwenye kizuizi cha waasi askari akauliza nimebeba nini. Nikasema adabu. Akafungua. Akachukua nusu. Nikashukuru, ndivyo tulivyozoea tangu vita ya kwanza. Nikawa naondoka, akaniita: na matabishi? Akachukua iliyobaki. Kijana mdogo, lakini amelelewa.

Nikafika kwa Mama Perpétue na majani ya ndizi. Akanipokea vizuri, akauliza hayo majani ni ya nini. Nikasema ni salamu. Akayapokea kwa mikono miwili! Akasema mtihani ni mmoja kwa watoto wote, na mtoto wangu aje amekula vizuri. Nikatoka nikiwa mdogo ndani ya koti.

Nimekosa pia sala ya Ijumaa. Na nyumbani Nasiba hakuwepo, Asumini akasema ameenda kuteka maji. Siku hizi foleni ya maji ni ndefu ajabu. Jana vilevile alikawia. Amerudi na vidole vyeupe, majivu haya yanaingia kila mahali.

Jumatatu, 18 Februari

Siku ya mtihani. Hatua ya nne niliificha hata kwa Asumini.

Kukohoa. Nilipanga kusimama nje ya dirisha, nisikie swali, nikohoe jibu. Nilimweleza Nasiba njiani. Akasema, "Babu, tafadhali, ukae tu." Niliona ni woga wa mtoto.

Swali la kwanza nililisikia vizuri, jibu lilikuwa kumi na nne. Nilifika tisa. Mlinzi akaja mbio na kikombe cha maji. Nikamwashiria aniache, nisije nikapoteza hesabu. Akaona nimeshindwa hata kuongea, akaita mwenzake. Wakanibeba mikono na miguu mpaka zahanati, wakisema ni gesi ya volkano, imeua watu. Muuguzi akanilaza na kunipaka mafuta yanayochoma kifuani. Kila nikitaka kuinuka nikaeleza, nakohoa kweli, kwa sababu ya yale mafuta.

Aliyekuja kunichukua ni Nasiba. Mtihani ulikuwa umekwisha. Nikamwuliza umekwendaje. Akasema atajua Mungu. Akanishika mkono barabara nzima, polepole, kama mgonjwa. Sikuutoa mkono.

Jumatano, 20 Februari

Amepita! Alhamdulillah! Amepita!

Majibu yote sahihi. Rutshuru imekwisha. Nilimkumbatia Asumini, nikamkumbatia na paka.

Ila kuna jambo. Mama Perpétue alituita mezani akatuonyesha karatasi. Kando ya kila jibu mtoto amechora samaki mdogo. Akauliza, kwa kucheka, samaki hawa wamefanya nini. Nikataka kusema ni usanii. Nasiba akajibu mwenyewe.

"Ni matabishi. Mwalimu amesema haihesabiwe. Inatolewaka tu na roho."

Mwalimu gani? Mimi sikusema hivyo. Nikamtazama Asumini, Asumini akatazama dirisha. Njiani ikatoka yote. Tangu Jumatano ile ya chaki, Nasiba alipokuwa "anateka maji", alikuwa kwa Célestin, anajifunza kwenye mlango wake wa jikoni, ndiko uliko ubao. Asumini alijua. Nusu ya Mapendo ilijua. Mlinzi wa msikiti alijua! Vidole vile vilikuwa na chaki.

Na Célestin hakumwambia mtoto aache matabishi. Alimwambia aiweke nje ya fungu. Fungu lihesabiwe, matabishi ikae kando, si ya hesabu, ni ya mapenzi. Hivyo tu. Mtoto akatulia.

Nilitangulia mbele mpaka nyumbani. Nilihisi wivu, nasema wazi. Kisha nikapima jambo lote kwa haki. Nani alileta matabishi? Mimi. Nani alileta sambaza? Mimi. Célestin amesogeza samaki tu kutoka hapa mpaka pale. Kwa hiyo amefaulu kwa njia yangu.

Jumapili, 24 Februari

Iddi imepita. Hatukuchinja mwaka huu, tumepata nyama ya msikitini. Asumini akasema nipeleke sehemu kwa Célestin. Nilikuwa nimeshaamua hivyo mwenyewe, karibu.

Nilimkuta kwenye kiti nje, ubao umefutwa nyuma yake. Tukanywa chai. Akanieleza Masisi ya zamani, ng'ombe wakishuka mlimani asubuhi ya ukungu, huwaoni, unasikia kengele zao tu. Hajafika kule tangu vita. Nikamweleza barabara ya Kisangani, nyama ya porini pale Mambasa, na namna tulivyolala chini ya lori, tukicheka bila sababu. Akanijazia kikombe tena. Niliona si mtu mbaya hata kidogo. Nikamshukuru kwa ajili ya mtoto. Nikamshukuru kwa Kifaransa, ili aone uzito wake.

Akanisahihisha.

Jumatatu, 25 Februari

Siku ya kwanza ya shule. Shati jeupe, sketi ya bluu. Langoni alinipungia mkono mara moja, kisha akaona watoto wenzake, akakimbia.

Nimerudi nyumbani. Asumini yuko sokoni. Mkeka umekunjwa. Nimekaa. Nimetembea mpaka mlangoni, nimerudi, nimekaa upande mwingine. Ukimya wa nyumba hii!

Nilihangaika wiki zote hizo ili asiende Rutshuru, na sasa kuanzia asubuhi mpaka baada ya adhuhuri ni kama ameenda Rutshuru. Hakuna aliyeniambia kwamba kufaulu kunamchukua mtoto vilevile. Nilikuwa nadhani siku zangu nzuri zilibaki kule nyuma, kwenye lori, kwenye mkate wa rond-point. Kumbe nyingine zilikuwa za juzi tu, na majivu kwenye chai, na mtoto anavunja chaki. Siku za volkano! Nani atanielewa nikisema nazililia?

Nilimpa paka tano na saba. Hakujibu.

Ijumaa, 1 Machi

Furaha imerudi.

Nasiba ametoka shuleni amenuna, akatupa mfuko, akajifunika kitenge. Nikajua mara moja! Moyo wangu ukaruka. Nikamwuliza kwa sauti ya daktari, kuna nini, mama? Wameanza kugawanya. Tena kuna kitu kinaitwa "reste", kile kinachobaki kikikataa kugawanyika. Watoto watatu, machungwa kumi, kila mmoja apata matatu, na moja linabaki. Haelewi hilo moja ni la nini. Akasema anakwenda kumwuliza Mwalimu Célestin.

Nikamwambia hakuna haja ya kumsumbua mtu wa watu kwa jambo dogo hivyo. Nikakunjua mkeka. Nikamweleza kwa subira, kama linavyojulikana na kila mtu tangu enzi: kinachobaki ni cha mzee aliyegawa. Anakila. Kwa hiyo hakiandikwi. Jibu ni matatu, basi, reste hakuna.

Uso wake ukafunguka. Akagawanya ukurasa mzima kwa karanga, hakubakiza kitu popote. Kila swali likiisha ananipa karanga iliyobaki, naila, anacheka. Alikaa nami mpaka magharibi.

Jumatatu mwalimu wake anawapa jaribio la kugawanya. Sina wasiwasi hata kidogo.